Mwambao, Japani, Skandinavia au Sebule Iliyosheheni: Ulinganisho kwa Anayepanga Nyumba Yake

Mtu aliyemaliza kujenga, au aliyekabidhiwa funguo za nyumba ya kupanga, mara nyingi huwa na picha ishirini ndani ya simu yake kabla hajanunua hata kiti kimoja. Picha moja ina kuta nyeupe na mbao za rangi ya asali. Nyingine ina mkeka, meza fupi na ukuta mtupu. Ya tatu ina kitanda cha nguzo nne na ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, na ya nne ina makochi mazito, zulia nene na dari la jipsamu lenye taa zilizofichwa. Zote zinapendeza, na hapo ndipo anapokwama, kwa sababu picha haisemi ni hali gani ya hewa iliyouzaa mtindo huo, wala ni watu wa namna gani waliokaa humo na walikuwa wakipokea wageni wangapi.

Ninaamini kwamba kila mtindo wa kupamba nyumba ulianza kama jibu la swali fulani la maisha: baridi na giza, joto na macho ya majirani, uchovu wa fahari, au shauku ya kumheshimu mgeni. Anayenunua jibu bila kuwa na swali hilo hujikuta na chumba kizuri kisichokalika. Kwa hiyo nimeilinganisha mitindo minne ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki huvutiwa nayo zaidi, na nimeipima yote kwa vigezo vilevile.

Vigezo vitano

Cha kwanza ni mwanga na hewa, kwa kuwa hivi ni vigumu kuvibadilisha baada ya nyumba kusimama. Cha pili ni mahali pa vitu: mtindo unataka uwe na vitu vingi au vichache, na unataka vionekane au vifichwe. Cha tatu ni mgeni na faragha, yaani nani anaingia mpaka wapi. Cha nne ni vifaa na matunzo, hasa mbele ya unyevu wa pwani, vumbi la bara, mchwa na watoto. Cha tano ni gharama, nami hapa nafikiria gharama ya miaka kumi pamoja na ile ya siku ya kununua. Uzuri sikuuweka kuwa kigezo, kwa sababu mitindo yote minne huwa mizuri ikifanywa kwa uangalifu, na kila mmoja huchusha ukifanywa nusunusu.

Fikra iliyouzaa kila mtindo

Mtindo wa Mwambao tunaujua kutokana na miji ya mawe, hasa Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu uliofuata mwaka 2001. Fikra yake kuu ni sitara. Nyumba ya Lamu humpa mpita njia ukuta karibu mtupu, kisha humfungulia mwenye haki ya kuingia daka la mlangoni, tekani (kijukumbi cha ndani ya mlango), kiwanda (ua wa ndani) kilicho wazi juu, misana (vyumba virefu vinavyofuatana), na mwisho chumba cha ndani. Kadiri unavyosogea ndani ndivyo mapambo yanavyoongezeka, hata plasta iliyo nzuri kuliko zote ikawa mahali ambapo mgeni wa kawaida hafiki. Katika mitindo mingi ninayoifahamu fahari huwekwa mbele. Huu huiweka nyuma, kwa ajili ya wenye nyumba wenyewe.

Mtindo wa Kijapani unaopendwa leo una mizizi katika chumba cha chai na katika fikra ya wabi-sabi, inayouona uzuri katika kitu cha kawaida, kilichochakaa kwa heshima na kisichokamilika. Mtu anayehusishwa nayo zaidi ni bwana wa chai Sen no Rikyū, aliyeishi kati ya 1522 na 1591, wakati ambapo wakuu wa vita walishindana kwa dhahabu na vyombo vya thamani. Chumba cha Tai-an karibu na Kyoto, kinachonasibishwa naye, kina nafasi ya mikeka miwili tu ya tatami, yaani takriban mita 1.8 kwa 1.8. Ufinyu huo ulikusudiwa, ili watu wachache wakae karibu na wazingatie kikombe kimoja.

Mtindo wa Skandinavia ulizaliwa na majira marefu ya baridi pamoja na siasa ya usawa. Mwandishi wa Sweden Ellen Key alitetea mwaka 1899 kwamba uzuri ni haki ya nyumba zote, zikiwemo za wafanyakazi, na Maonyesho ya Stockholm ya mwaka 1930 yakaeneza wazo la vyombo vya nyumbani vilivyo rahisi, vyenye kazi na vya bei ambayo watu wa kawaida wanaiweza. Wadenmark wana neno hygge kwa ile raha ya kukaa pamoja kwa utulivu penye joto na mwanga mdogo, na Waswidi wana lagom, ambalo sisi tungelisema kwa neno moja tu: kiasi.

Mtindo wa nne hauna jina rasmi, nami nitauita sebule iliyosheheni. Ndani yake mna majlisi, yaani ukumbi wa kupokea wageni, ya nchi za Ghuba, desturi ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2015 kama urithi wa pamoja wa Oman, Saudia, Falme za Kiarabu na Qatar. Mna pia seti za makochi tulizozoea tangu enzi za ukoloni, vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa juu ya migongo ya viti, na kabati la kioo lenye vyombo visivyotumika ila siku ya harusi au msiba. Wabunifu wengi huudharau mtindo huu, na nadhani hawautendei haki. Fikra yake ni ile ya methali yetu, mgeni njoo, mwenyeji apone: chumba kilicho bora kuliko vyote hutunzwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajafika.

Mwanga na hewa

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na chanzo chake ni rangi nyeupe. Mchana wa Stockholm mwishoni mwa Desemba hudumu takriban saa 6, nalo jua huwa limelala karibu na upeo. Kuta nyeupe, madirisha makubwa yasiyo na pazia zito na sakafu za mbao nyepesi zilikuwa njia ya kukusanya kila mwali uliopatikana. Ukuta wa Lamu pia ni mweupe kwa chokaa, lakini sababu yake ni tofauti kabisa: jua lipo tele, kuta zina unene wa karibu nusu mita, matundu ya nje ni machache, na mwanga huingia kwa kupitia kiwandani ukiwa umekwisha kupoa. Anayechukua weupe wa Skandinavia pamoja na dirisha lake kubwa, akaviweka katika chumba kinachotazama magharibi jijini Dar es Salaam au Mombasa, atapata chumba kinachoumiza macho kuanzia saa tisa alasiri na kinachohitaji kiyoyozi mpaka usiku.

Nyumba ya jadi ya Japani iko karibu nasi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ilijengwa kwa kulifikiria zaidi joto lenye unyevu la majira ya kiangazi. Mapaa yake hutokeza mbele sana kuzuia jua na mvua, milango ya kuteleza hufunguka ili upepo upite nyumba nzima, na shoji, yaani viambaza vya karatasi, huuvunja mwanga ukawa laini. Chumba huachwa na kivuli kwa makusudi. Ukiwa na kibaraza kipana na madirisha yanayokabiliana, tayari una nusu ya mtindo huo.

Sebule iliyosheheni ndiyo dhaifu zaidi kwa kigezo hiki. Pazia mbili, zulia la manyoya na makochi ya kitambaa kizito hushika joto na vumbi, na dari la jipsamu lililoshushwa hupunguza nafasi ya hewa ya moto kupanda. Katika nyanda za juu, kwa mfano Limuru au Njombe, udhaifu huohuo hugeuka kuwa faida, kwa maana zulia na pazia huhifadhi joto usiku wa Julai.

Jambo moja la Skandinavia linasafiri vizuri kokote: taa za jioni. Mbunifu wa Denmark Poul Henningsen alitumia maisha yake kuitafuta taa isiyochoma macho, na taa yake ya PH 5 ya mwaka 1958 huificha balbu kabisa nyuma ya vifuniko vyake. Kwetu, ambako giza huingia muda uleule karibu mwaka mzima, kuibadilisha taa moja kali ya darini kwa taa tatu ndogo zilizowekwa chini, pembeni mwa viti, hukibadilisha chumba kuliko seti mpya ya makochi.

Vitu vya kupendeza hukaa wapi?

Ningeambiwa nichague swali moja tu la kumuuliza anayepanga nyumba, ningeuliza hili, kwa sababu jibu lake huonyesha tabia yake kuliko rangi anayoipenda. Mitindo yote minne ina mahali maalumu pa kuwekea kitu cha thamani, na mahali hapo panatofautiana sana.

Mwambao una zidaka, vile vijidirisha visivyopenya vilivyochongwa ndani ya plasta ya ukuta, safu juu ya safu, ambamo ziliwekwa sahani za China, vitabu na vyombo vya nyumba. Zidaka zina werevu ambao rafu haina: hazichukui nafasi ya sakafu, na vivuli vyake huufanya ukuta uonekane umerudi nyuma. Hilo lilikuwa jambo kubwa katika vyumba ambavyo upana wake ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko, takriban mita mbili na nusu mpaka tatu.

Japani ina tokonoma, sehemu ya ukuta iliyoingia ndani kidogo, inayopewa picha moja ya kutundika na pengine ua moja, navyo hubadilishwa kulingana na majira. Kwa umbo ni ndugu wa kidaka, lakini kwa maadili ni mbali naye. Kidaka husema, tazama tulivyo navyo, na tokonoma husema, tazama hiki kimoja. Kila kitu kingine, hata magodoro ya futon ya kulalia, huingizwa kabatini kunapokucha, ili chumba cha kulala kiwe chumba cha kukaa. Wenye kusifu utupu wa vyumba hivyo husahau makabati hayo, kisha hushangaa kwa nini nyumba yao yenye ukuta mtupu ina masanduku chini ya kitanda na nguo juu ya kiti.

Skandinavia ina rafu ya wazi, ambayo huonyesha vitu vinavyotumika kila siku: vikombe, vitabu, blanketi. Thamani ya kitu iko katika kazi yake. Ni mfumo mzuri kwa mtu nadhifu, na ni adhabu kwa anayekaa kandokando ya barabara ya vumbi, kwani rafu ya wazi inahitaji kufutwa kila baada ya siku mbili.

Sebule iliyosheheni ina kabati la kioo. Nimelisikia likichekwa mara nyingi, ilhali kwa familia iliyopanda kutoka chini kabati hilo ni kumbukumbu: seti ya chai ya harusi ya mama, kikombe cha mtoto aliyeshinda mashindano ya shule, picha ya babu. Kioo huzuia vumbi, na kufuli huzuia mikono midogo. Ukiwa na vitu vya namna hiyo, usiviondoe kwa kuwa picha fulani ya mtandaoni haina kabati.

Mgeni na faragha

Mwambao humpangia mgeni ngazi. Wa kupita hukaa barazani, wa karibu huingia, na wa damu hufika ndani. Kwa familia inayozingatia staha, au inayopokea watu wengi wasio ndugu, mpangilio huu unaweza kupatikana hata katika nyumba ya kisasa kwa kuweka benchi la saruji lenye kivuli nje ya mlango na kuugeuza mlango wa mbele usitazamane na korido ya vyumba.

Chumba cha Kijapani ni cha wageni wachache. Viatu huachwa mlangoni, desturi ambayo haitamsumbua mtu wa pwani, na watu huketi chini. Lakini kuta za kuteleza hazizuii sauti, na wazee wenye magoti mabovu hupata shida kuinuka. Skandinavia hupendelea jiko, meza ya kulia na makochi viwe mahali pamoja. Raha yake ni ya watu sita wanaofahamiana. Akija mkwe na ujumbe wake, hakuna mlango wa kumfichia mpishi wala moshi wa samaki.

Sebule iliyosheheni haina mpinzani siku ya posa, hitima au arubaini. Watu ishirini huenea, na kila mmoja huona kwamba ametayarishiwa. Gharama yake ni kwamba siku nyingine zote 360 watoto hufukuzwa kutoka chumba kikubwa kuliko vyote.

Vifaa na matunzo

Mwambao una msaji, mvule na mbambakofi, mbao zinazovumilia unyevu na mchwa kuliko nyingi. Mikeka ya ukindu hukunjwa na kuanikwa. Chokaa hupumua, na inahitaji kupakwa upya kila baada ya misimu michache. Udhaifu uko kwenye kuiga: kupaka saruji na rangi ya mafuta juu ya ukuta wa matumbawe hufungia unyevu ndani, na plasta huanza kububujika.

Tatami halisi huota ukungu upesi penye unyevu usiotoka, hivyo kwa pwani mkeka wetu wa ukindu juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa hufanya kazi ileile kwa amani. Ninachokipenda zaidi katika mtindo wa Kijapani ni heshima kwa kilichotengenezwa upya: chombo kilichovunjika huunganishwa kwa utomvu wa mti wa urushi na unga wa dhahabu, na mshono hauonewi haya.

Fanicha nyingi za Skandinavia za bei nafuu zimetengenezwa kwa chipubodi, yaani ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, iliyobandikwa karatasi ya juu. Niliwahi kununua rafu ya aina hiyo nikiwa na furaha kubwa, na baada ya masika mbili kingo zake zilikuwa zimevimba kama mkate uliomwagikiwa chai. Anayeupenda mtindo huu kwa dhati ana njia bora: mbao za msonobari kutoka mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi, au saiprasi za nyanda za juu za Kenya, zikiwa zimekaushwa na kupakwa dawa ya mchwa, hutoa rangi ileile ya asali kwa mkono wa seremala wa mtaani.

Kwa sebule iliyosheheni, swali ni fremu. Kochi zuri kwa nje linaweza kuwa na mbao mbichi ndani, na ndiyo maana inafaa kulitazama kabla halijavikwa kitambaa, iwe ni Keko jijini Dar es Salaam au kandokando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi.

Gharama

Mwambao ni ghali mwanzoni, hasa ukitaka mlango wa kuchongwa, lakini kitanda cha msaji hurithiwa. Mtindo wa Kijapani huonekana rahisi kwa kuwa vitu ni vichache. Fedha huenda kwenye makabati ya ukutani na umaliziaji safi wa sakafu na plasta, kwani hakuna cha kuzifunika kasoro. Skandinavia ndiyo inayokubali kuanza kidogo na kuongeza polepole. Sebule iliyosheheni hununuliwa kwa mkupuo, mara nyingi kwa mkopo, nayo huchoka kwa mkupuo pia.

Kila mtindo unamfaa nani

Mwambao unamfaa anayejenga mwenyewe, aishiye penye joto, ambaye faragha ya familia kwake haina mjadala. Wa Kijapani unamfaa mtu mmoja au wawili wenye nafasi ndogo na nidhamu ya kurudisha kila kitu mahali pake kila siku. Wa Skandinavia unamfaa kijana anayeanza maisha, au familia inayofanya kazi, kula na kusoma katika chumba kimoja. Sebule iliyosheheni inamfaa mwenye ukoo mpana ambaye nyumba yake ndiyo makutano ya ndugu wote.

Kuchagua kwa kutazama hali yako

Ukiwa umepanga na huruhusiwi kugusa kuta, acha zidaka na makabati ya kujengea. Anza na taa za chini, mbao nyepesi na mikeka, vitu ambavyo vitapanda gari pamoja nawe utakapohama.

Ukiwa bado uko kwenye msingi, zungumza na fundi kuhusu kibaraza, uelekeo wa madirisha na mahali pa mlango kabla ya kuzungumza kuhusu dari. Zidaka zinazoachwa wakati wa kujenga hugharimu kidogo kuliko zinazotobolewa baadaye.

Ukiwa na chumba kimoja cha kulala na kuishi, jifunze kutoka Japani: godoro linalokunjwa, kabati moja kubwa lenye milango, na meza fupi. Kama mzazi wako anakuja kukaa nawe mara kwa mara, ongeza kiti kimoja kirefu chenye mikono.

Ukiwa na watoto wadogo na wageni wengi, usiichague sebule iliyosheheni kwa chumba pekee ulicho nacho. Ukiwa na vyumba viwili vya mbele, kimoja kiwe cha fahari na kingine cha maisha, na hicho cha pili ndicho kipewe dirisha lililo bora.

Ukiwa unaishi ughaibuni, kwa mfano Oslo au Minneapolis, weupe na taa za Skandinavia zitakusaidia kuvuka Januari, na kidaka cha mbao kilichotundikwa ukutani, chenye buli la mama na chetezo cha udi, hakitagombana nazo.

Mkiwa wawili na hamkubaliani, acheni picha kwa muda. Kila mmoja aandike ni nani angependa amkute ameketi sebuleni jioni ya Ijumaa, na wako wangapi. Orodha hizo mbili ndizo za kumpelekea seremala.